Kipimo cha Kufu

Kwenye kabati la sebule yangu, kati ya vikombe vya wageni na picha ya harusi ya mdogo wangu, kuna mita ya fundi redio. Ni kidude cheusi cha plastiki, ukubwa wa daftari dogo, chenye kioo kilichopasuka pembeni, mshale mwembamba ndani ya kioo, na nyaya mbili, mwekundu na mweusi, zilizofungwa tepu mahali zilipochubuka. Wageni wakiiona huniuliza kama mume wangu ni fundi umeme. Mume wangu hawezi kubadilisha balbu bila kuitisha kikao cha familia. Nawajibu kwamba hicho ni kipimo cha kufu. Wanacheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu chai inapoa na habari yenyewe ni ndefu.

Wenzangu wa rika langu, hasa mliokulia pwani, hamna haja ya kuelezwa kufu ni nini. Ni lile neno la bibi zetu, lililotoka mchumba anapobisha hodi. Kufu ni kulingana: ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, heshima kwa heshima. Aliyelingana na binti aliambiwa karibu, avue viatu, akae. Asiyelingana alipewa kahawa na maneno matamu, kisha mlango ukarudishwa polepole nyuma yake. Tulilisikia neno hilo kabla ya kujua kusoma, na kila mtoto alilielewa kwa akili yake. Mimi nililielewa visivyo, na kwa muda nyumba yetu nzima ilikaa roho juu kwa sababu hiyo.

Nikiisogeza mita ile puani, bado ina harufu ya banda la Zinga: vumbi la barabarani, risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyushwa, na koili ya spika iliyoungua. Koili ikiungua hutoa harufu yenye utamu kidogo, kama kashata iliyoshika chini ya sufuria. Harufu hiyo ikinipata popote, hata kwenye sherehe ya watu nisiowajua, narudi kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya Baba, katikati, miguu yangu haifiki chini, na fimbo ya gia inanigonga goti kila tunapopanda kilima.

Baba alikuwa na gari la matangazo. Lilikuwa pikapu iliyozaliwa nyeupe ikazeekea rangi ya chai ya maziwa, na juu ya paa lake zilifungwa spika zilizotazama mbele na nyuma. Kazi yake ilikuwa kupita mitaani kutangaza: chanjo ya watoto, mechi ya kesho, mkutano wa mtaa, mbuzi aliyepotea, na zaidi ya yote misiba. Aliyeendesha ni Baba. Aliyesema ni Shangazi Rukia, mdogo wake Baba, na sauti yake ilijulikana kuanzia Kaole mpaka Kerege. Watu waliomwona sokoni hawakumtambua, lakini akiuliza bei ya nyanya tu, muuzaji alishtuka: "Kumbe ni wewe?"

Bibi yangu, mama yao, hakuipenda kazi ile. Alikuwa mtu wa mji mkongwe hasa, mjukuu wa manahodha, na kwake jina la ukoo lilikuwa kitu cha kufutwa vumbi kila asubuhi. Aliikubali kwa masharti. Rukia akae ndani ya gari, vioo vipandishwe nusu, aendeshe kaka yake, na mimi nisibanduke ubavuni pake. Mama yangu alikuwa muuguzi, kutwa yuko zamu, kwa hiyo shule ikifungwa nilikuwa mali ya Bibi, na Bibi akanipa cheo.

"Wewe ndiye jicho langu," aliniambia. "Unachokiona huko, nakiona mimi."

Nilijisikia mkubwa kupita kiasi. Nilikaa kwenye kiti kile kama polisi.

Wachumba wa Shangazi walikuwa wamekwisha kuja na kuondoka. Bibi alikuwa na maswali yake: Mtoto wa nani? Kwao wapi? Wamezikwa wapi wazee wake? Mchumba akishindwa kujibu moja tu, jioni ile tulimsikia Bibi akitoa hukumu huku anachambua mchele: "Si kufu yake."  Shangazi aliendelea kusuka ukili wake wa mkeka, na mimi niliyekuwa nikimtazama nilidhani kufu ni kitu mtu alicho nacho mwilini, kama namba ya kiatu, na kwamba Bibi ana jicho la kukipima kwa mbali. Niliwahi kumtazama sana mwalimu wangu wa madrasa nikijaribu kuona kufu yake iko wapi. Sikuiona.

Matatizo yalianza Baba aliponunua spika mpya Kariakoo. Zilikuwa kubwa, nzito, zina midomo mipana, na alizifunga juu ya paa kwa fahari ya mtu anayevisha bibi harusi. Amplifaya aliiacha ileile ya zamani, kijisanduku cha kukuza sauti kilichokaa chini ya kiti chetu na kutuunguza vifundo vya miguu. Baba alikuwa na hoja yake. Amplifaya kubwa ndiyo inayoua spika, alisema, kila mtu anajua. Ndogo haina madhara, itaimba tu kwa kadiri yake. Basi kila tulipofika penye malori na mashine za kusaga, alikizungusha kile kidude cha sauti mpaka mwisho.

Sauti ya Shangazi ikaanza kupasuka. Ilikuwa inaanza vizuri, kisha katikati ya neno inakwaruza na kukatika, kama jogoo mwenye mafua. Siku moja tulitangaza msiba wa Bi Mwanahawa wa Mlingotini. Huko nje watu walisikia "...hawa wa Mlingotini". Kulikuwa na Bi Hawa palepale, mzima wa afya, anaanika samaki. Wanawake wakajifunga kanga wakaenda kwake na mikeka, wengine wakianza kulia tangu kwenye kona. Mlango aliufungua Bi Hawa mwenyewe.

"Nani kafa?" akauliza.

 Habari zilimfikia Bibi kabla sisi hatujafika nyumbani, na Bi Hawa hakusemeshana na Baba mpaka baada ya Ramadhani. Wiki ileile, tukiwa Zinga, spika moja ya mbele ikatoa mlio mfupi, ikanyamaza, na ile harufu ya kashata ikaingia ndani ya gari.

Ndipo tulipofika kwenye banda la Fundi Shomari. Lilikuwa kando ya barabara kuu, la mabati, lenye redio za magari zilizopangwa mpaka juu kama matofali. Mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mpole, ana kalamu sikioni ambayo sikuwahi kumwona akiandikia. Kwao Msata. Alimwamkia Baba, akainamisha kichwa kidogo kuelekea dirishani aliko Shangazi, akapanda juu ya pikapu na mita yake.

Nilishuka nikasimama karibu, kwa sababu jicho la Bibi lilitakiwa kuona. Akagusa ncha ya waya mwekundu upande mmoja wa spika, na mweusi upande wa pili. Mshale haukusogea. "Hii imekwenda," akasema. Akahamia nyingine. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia. "Hii nzima." Akashuka, akachungulia kijisanduku chini ya kiti, akaguna. Kisha akasema maneno yaliyonifanya nikodoe macho.

"Kaka, spika zako hazina kosa. Shida ni kwamba hizi na amplifaya yako si kufu."

Baba akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Lilikuwa neno la Bibi, limetoka kinywani mwa mtu mwenye mashine mkononi. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameangalia upande wa pili wa barabara, lakini bega lake lilikuwa linacheka.

"Si kufu vipi?" Baba akabisha. "Hii ndogo, zile kubwa. Ndogo itaiunguzaje kubwa?"

"Ndogo ndiyo inayounguza," Shomari akajibu. "Ukiilazimisha kupiga kelele kuliko uwezo wake, sauti inakatwa kichwa. Sauti iliyokatwa kichwa si sauti tena, ni moto. Moto huo ndio unaokwenda kwenye koili. Tafuta amplifaya yenye nguvu ya kuzibeba spika hizi na akiba juu yake, halafu uiendeshe kwa adabu. Usiizungushe mpaka mwisho kwa sababu tu mwisho upo."

Baba alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kukubali haraka, lakini harufu ilikuwa bado inatoka juu ya paa.

Amplifaya iliyofaa haikupatikana mara moja. Ikapatikana, ikakosa kipande. Kipande kikaja, ikabidi ifungwe, na baada ya kufungwa ikabidi ipimwe, na kupimwa kwenyewe hakukuisha. Nikikumbuka sasa, sijui kama amplifaya yoyote katika ukanda wa pwani iliwahi kupimwa mara nyingi namna ile. Baba alipenda kwenda kukaa dukani ng'ambo ya barabara kuzungumza mpira. Mimi nilibaki na soda yangu na cheo changu.

"Sema kitu, dada," Shomari alimwambia Shangazi, akimpa maiki kupitia dirisha lililopandishwa nusu.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

"Hiyo haitoshi. Moja mbili kila mtu anasema. Tangaza kama unavyotangaza."

Shangazi akakohoa kidogo. Kisha Zinga nzima ikasikia, safi, kila herufi mahali pake: "Tangazo, tangazo. Fundi Shomari anatangaziwa kwamba chai yake imepoa, na nzi amekwisha kuoga humo."

Wauza mahindi walipiga makofi. Shomari alitazama kikombe chake, akamwaga chai, akashindwa kuinua uso. Mimi nilicheka mpaka soda ikanipanda puani. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nimeambiwa niangalie kama watagusana au watakaa faraghani, na pale kulikuwa na barabara kuu, mahindi ya kuchoma na sauti inayosikika na kila mtu. Jicho la Bibi liliripoti kwamba amplifaya inaendelea vizuri.

Baada ya muda alikuja mzee kutoka Msata, mjomba wake Shomari, amevaa kanzu yenye mikunjo mipya. Alikaribishwa, akanywa kahawa, akaleta posa kwa niaba ya mpwa wake. Bibi aliuliza maswali yake. Wazee wa Shomari walizikwa shambani kwao, si katika makaburi ambayo Bibi aliyajua majina. Walikuwa Wakwere, wakulima wa mihogo na ufuta. Kijana ni fundi wa kando ya barabara. Bibi akamsifu mgeni kwa safari ndefu, akamwongeza kahawa, na mlango ukarudishwa polepole.

"Si kufu yake," akasema, akachukua ungo wake.

Safari hii Shangazi hakuendelea kusuka. Aliuweka ukili chini, akaenda uani, akafungulia bomba maji yaangukie ndoo tupu. Nikamfuata. Ndoo ilijaa, ikamwagika, naye hakufunga bomba. Alikuwa analia kwa sauti, na alidhani maji yanamficha. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile, iliyotangaza misiba ya watu wote bila kutetereka, ikikatika namna ile. Nikaogopa kwamba inaungua.

Lakini mimi nilikuwa na jambo nilijualo ambalo wao hawakulijua, au walilisahau. Bibi alikuwa amekisia kwa macho tu. Kipimo chenyewe kiko Zinga.

Tulikwenda tena kwa sababu ya fyuzi. Adhana ya alasiri ilipolia Baba akavuka barabara kwenda kuswali. Shomari alikuwa amekwisha kuswali mapema kwa sababu ya kazi, au ndivyo alivyosema. Hakukuwa na mzaha siku ile. Shomari alikuwa ameinamia nyaya, Shangazi ameshika maiki asiyoisemea. Nikaichukua mita mezani kwa mikono miwili, nikampelekea.

"Fundi, mpime Shangazi."

"Nimpime nini?"

"Kufu. Bibi hakupima. Alisema tu."

Shomari alinitazama, akamtazama Shangazi. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Akachomoa ile kalamu sikioni, akairudisha. Kisha akageuza kidude cha mita taratibu, akampa Shangazi waya mweusi kupitia dirishani.

"Shika ncha, dada. Ibane kwa vidole."

Yeye akashika mwekundu. Mshale ukalala palepale.

"Haisomi," nikasema.

"Haiwezi kusoma hivi," akasema Shomari, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Njia imekatika. Ili isome, lazima... lazima ile mikono mingine ishikane."

Lori likapita likatutimulia vumbi. Shangazi alitazama ng'ambo ya barabara msikitini, akanitazama mimi. Akateremsha kioo chote mpaka chini. Akatoa mkono.

Mshale ulisogea. Haukurukia juu kama kwenye spika. Ulinyanyuka kidogo, ukasita, ukapanda tena, ukabaki unatetemeka. Hawakuutazama. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiutazama, na nikarukaruka pale vumbini nikipiga kelele: "Ni kufu! Ni kufu!"

Bila shaka mnajua kilichofuata. Jicho liliripoti. Nilisubiri tukae kunywa chai, Bibi, Baba, Mama aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, na Shangazi mwenyewe aliyekuwa anamimina maziwa, nikatangaza kwa furaha kwamba Shangazi na Fundi Shomari wamepimwa na ni kufu, nimeona kwa macho yangu, walishikana mikono na mshale ukapanda.

"Walishikana nini?" Bibi akauliza.

Nikarudia. Maziwa yalimwagika mkekani na hakuna aliyeyafuta.

Kuanzia siku ile Shangazi hakupanda tena gari. Baba akajaribu kutangaza mwenyewe, na Baba alikuwa na sauti ya mtu anayeamrisha punda. Alitangaza msiba kama anatangaza mnada. Familia moja ya Dunda ilikuja mpaka kizingitini kumwomba Bibi: baba yao amefariki, wanataka atangazwe na Rukia aliyewatangaza wazee wote wa mtaa ule, si na mwingine. Bibi aliwapa pole, akakataa. Walipoondoka alikaa muda mrefu na ungo mapajani, hachambui. Mimi nilijikunja nyuma ya mlango. Sikuelewa. Nilileta habari njema, na nyumba ikawa kama iliyofiwa.

Siku kadhaa baadaye Bibi aliniita.

"Hiyo mashine. Inafanyaje kazi?"

Nikamweleza nyaya mbili, mshale, mikono. Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kunisikiliza.

"Mwambie baba yako amlete huyo fundi," akasema. "Na mashine yake."

Shomari alikuja na mjomba wake asubuhi ileile aliyoitwa. Waliketi barazani. Kalamu ilikuwa haipo sikioni. Alikuwa amevaa kofia, na mita ameifunga ndani ya kitambaa safi kama aliyekuja na msahafu. Shangazi alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na sote tulijua yupo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi hakupoteza wakati. "Nimesikia ulimwambia mwanangu kwamba kidogo kikiunganishwa na kikubwa, kikubwa kinaungua. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, bibi."

"Basi umejihukumu mwenyewe. Nikikuunganisha wewe na Rukia, ataungua."

 Shomari alikuwa anatazama mkeka. Mikono yake ilishikana mapajani mpaka vifundo vikabadilika rangi.

"Haiungui kwa sababu ya udogo, bibi," akasema. "Inaungua ile ndogo ikijifanya kubwa. Mimi sina kwetu kwa kujisifia hapa. Nikijifanya ninako, hapo ndipo nitakapomuunguza. Nimekuja na sauti yangu hiihii."

 Sikuona kama Bibi amelainika. Nadhani alikuwa amekasirishwa na jibu lile kwa sababu lilikuwa zuri.

"Lete hiyo mashine."

Akashika waya mwekundu kama anavyoshika sindano. Akaniambia nishike mweusi. Kisha akanipa mkono wake mwingine, ule niliokuwa nikiushika kila siku kwenda madrasa, mkavu kama karatasi ya zamani.

Mshale haukusogea.

Nikabana ncha kwa nguvu zote. Bibi naye akabana. Mshale ulilala tu. Nilijua maana yake. Mimi na Bibi yangu si kufu. Nikamtazama Shomari anisaidie, naye akatazama chini, jasho linamtoka kwenye ukingo wa kofia.

"Haisomi?" Bibi akauliza.

"Haisomi, Bibi," nikasema, na machozi yakaanza.

Bibi hakuniachia mkono. Aliutazama ule mshale, akaukazia macho kama anayesoma mwandiko mbaya.

"Mjukuu wangu wa damu," akasema polepole. "Nimemlea kwa mikono hii. Basi ama mashine hii ni mwongo, ama neno lile sikulijua."

 Alipoendelea, alikuwa anasema na pazia, si na sisi.

"Mimi na baba yenu tulikuwa kufu kwa kila kitu. Ukoo kwa ukoo, ukuta kwa ukuta. Watoto wote hawa nimemzalia. Mkono, sikumbuki kama aliwahi kunishika." Akaukunja ule waya mwekundu, akaurudisha juu ya kitambaa. "Mengine mtazungumza wanaume. Rukia, lete kahawa. Na ukishaleta, nenda Dunda ukawaombe radhi wale watu."

Pazia likatikisika, na kahawa ikaja haraka mno kwa kahawa ya kweli. Nadhani ilikuwa imekwisha kuchemshwa tangu alfajiri.

Harusi ile ilitangazwa na gari letu, amplifaya mpya ikiendeshwa kwa adabu, kidude cha sauti hakijafika hata nusu. Aliyetangaza ni bibi harusi mwenyewe, kwa sababu Bibi alisema hataki habari ya watu kwenda nyumba isiyohusika, kama kwa Bi Hawa. Shangazi alikwama alipofika kwenye jina lake. Nilimfinya paja, akacheka kwenye maiki, na kicheko kile kilisikika mpaka Kaole bila kukwaruza hata kidogo.

Nilikuwa sekondari, kwenye somo la fizikia, nilipojua kwamba mwili wa mtu hupitisha umeme, na kwamba unyevu ndio unaoufungulia njia. Mikono yenye jasho husoma, mikavu haisomi. Nilihisi nimetapeliwa. Likizo ilipofika nikaenda Zinga moja kwa moja, hata mkoba sijaweka chini.

"Mjomba Shomari, ulijua!"

Alikuwa ameanza kuota mvi kwenye kidevu. Aliweka kazi yake chini akacheka mpaka akashika meza.

"Nilijua jasho la kwangu lipo," akasema. "Nilikuwa nimelowa kama niliyetoka kisimani. Lakini jasho la upande mmoja halitoshi, mwanangu. La shangazi yako nilikuwa silijui. Hilo ndilo nililolipima."

Mjomba Shomari ametutoka. Ugonjwa haukumchelewesha. Baba alikuwa amekwisha kuacha kuendesha, kwa hiyo msiba wake ulitangazwa kwa ujumbe wa simu kama misiba yote siku hizi, na nilipousoma nilikasirika kwamba haukuwa na sauti. Shangazi alipotoka eda aliniomba nimsindikize Zinga kufungua banda. Kufuli lilishika kutu kidogo. Mlango ulipofunguka, harufu ile ikatutokea, risasi, vumbi na kashata iliyoungua, na Shangazi akasimama kizingitini asiingie.

Mita ilikuwa mezani, kwenye kitambaa chake. Nilipata betri mpya kwenye droo nikaitia. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nikampa waya mweusi, nikashika mwekundu, nikampa mkono. Sisi wawili tumezeeka sasa, mikono imezoea sabuni na majivu. Mshale ulilala.

"Haisomi," nikasema, nikajaribu kucheka.

 Shangazi aliuachia mkono wangu, akajifuta uso kwa kiganja, jicho moja, kisha la pili, kwa muda mrefu. Halafu akanishika tena, na mshale ukapanda.